Koti la Turubai na Nguruwe wa Matamba

Tangu nirudi, hakuna mtu anayeniletea suruali ya kupunguza akaiacha na kwenda zake. Kila mmoja anakaa kwenye benchi, anakunja nne, anasema, "Haya Fundi, ile habari ya nguruwe." Nimeisimulia mpaka mke wangu ananisahihisha, naye hakuwepo. Basi nimeiandika mara moja. Anayetaka habari asome. Mwenye suruali aache suruali.

Iringa, kabla ya kuondoka

Dada yangu Eliza aliolewa kule juu ya Matamba, njia ya kwenda Kitulo, ambako ukisimama ukingoni unaiona mbuga yote ya Usangu imelala chini kama mkeka. Mumewe alifariki mwaka uliopita, Mungu amrehemu, akamwachia shamba la viazi. Mwaka huu nguruwe pori wakalivamia. Ujumbe ulinifikia kwa mdomo wa dereva wa lori la viazi.

"Dada yako anasema nguruwe wanamaliza shamba," aliniambia bila kushuka. "Na shemeji yako Yohana, kaka wa marehemu, anasema kama mjane hawezi kulinda shamba, basi lirudi kwenye ukoo. Halafu anasema uje na nguo nzito. Huko asubuhi kuna chumvi juu ya majani."

"Chumvi?"

"Ndivyo alivyosema." Akaondoa lori.

Mimi ni fundi cherehani, si mwindaji. Kiumbe cha mwisho nilichokichinja ni kuku wa Pasaka, na hata huyo alikimbia bila kichwa mpaka kwa jirani, jirani akampika. Kwa hiyo nilimwendea Bwana Hamisi, mwenye duka la mafuta ya taa nyuma ya soko, kwa kuwa ana gobore na ana maneno. Amewinda miaka mingi huko chini Usangu, jua linakopasua kichwa, na katika hadithi zake hakuna mnyama aliyewahi kupona.

"Nguruwe?" alisema. "Fundi, hao nawapiga huku nimesinzia. Ila mimi ni Mwislamu, unajua. Kumpiga nitampiga, kumgusa sitamgusa, na kumla ni shauri lenu."

Nilipomweleza habari ya chumvi macho yalimng'aa. Siku zile chumvi ilikuwa kitu cha kupangia foleni.

"Juu ya majani? Inaokotwa tu?" Hapo hapo akaenda kutafuta gunia tupu.

Mimi nikashona koti. Nilichukua turubai la lori lililochakaa, nikatia bitana ya blanketi, kofia ya kuunga na kola ya kufika masikioni. Lilinifika chini ya magoti. Nikaona mvua itapenya kwenye mishono, nikalipaka mafuta ya kondoo nje kote mpaka yakakolea. Mke wangu alilinusa akasema, "Gideoni, hapo bado ugali tu." Blanketi lililobaki nikalishonea glavu za Bwana Hamisi.

Naye alilisafisha gobore lake na kulipaka mafuta ya nazi, kila kiungo, kama anayepaka mtoto baada ya kumwogesha. "Chuma kinapenda nazi," aliniambia. "Huko Usangu halijawahi kunigomea hata siku moja."

Iringa mpaka Makambako

Basi lilikuwa limejaa, lakini sisi tulipata nafasi kubwa. Ilikuwa kwa ajili ya harufu. Mama mmoja wa Kibena aliyekaa mbele yetu aligeuka kila baada ya muda kutazama mzigo wangu, mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Baba, huyo kondoo mnampeleka harusini?"

"Si kondoo, mama. Ni koti."

Alimtazama Bwana Hamisi kwa huruma, kama mtu aliyepewa kazi ya kumsindikiza mgonjwa.

Tulipopita Mafinga mkanda wa feni ulikatika. Dereva alitushusha wote kwenye upepo, na upepo wa Mufindi mwezi wa saba haumtanii mtu. Nikavaa koti langu. Watu walioninyanyapaa garini wote wakaanza kusogea upande wangu mmoja mmoja, wakijikinga nyuma yangu kama vifaranga. Nilijisikia mtu mkubwa. Nikakata ukanda wa turubai kwenye pindo la ndani, nikaushona mara tatu kwa sindano ya magunia, tukaufunga mahali pa mkanda wa feni. Dereva alisema hautafika hata kilima cha kwanza. Ulifika Makambako, ukitoa moshi wa nyama choma njia nzima.

Kitu kimoja tu sikukitilia maanani. Pale kwenye upepo, mafuta ya koti yalikuwa yameanza kuwa meupe. Yule mama wa Kibena ndiye aliyeona. "Baba," aliniambia kwa upole, "mchuzi wako umeganda."

Makambako mpaka Chimala

Tulipata lori lililokwenda Mbeya. Ukitoka Makambako unateremka, na kila unavyoteremka joto linapanda. Tulipofika tambarare koti lilianza kutiririka. Nzi walitoka vijiji nisivyovijua.

Kwenye kizuizi cha barabara mgambo mmoja alipanda nyuma ya lori. Bunduki aliitazama mara moja tu, ilikuwa na kibali chake, hakuwa na neno nayo. Kilichomsumbua ni pua yake.

"Ndugu, nyama iko wapi?"

"Hakuna nyama, ndugu."

"Nauliza kwa mara ya pili. Nyama iko wapi?"

Nikampa koti. Alipekua mifuko yote, akageuza bitana, akakunja kola, akalinusa tena. Alimwita mwenzake naye akalinusa. Walishauriana pembeni.

"Ndugu," alisema yule wa kwanza aliporudi, "hili ni koti."

"Ndiyo, ndugu."

"Kwa nini?"

Alinirudishia, akafuta mikono yake kwenye turubai la lori, akatuachia tupite.

Chimala tulikula wali wa Usangu na kambare, tukakaa kivulini kungoja gari la kupanda. Karibu yetu alikaa mzee mmoja Msukuma, mfugaji, aliyehamia mbugani na ng'ombe wake. Alituuliza tunakwenda wapi. Bwana Hamisi akanyoosha kidole mlimani.

"Huko?" Mzee alicheka bila kutoa sauti. "Ng'ombe wangu mmoja alipotea, akapanda huko. Alirudi mwenyewe."

"Kwani alikutana na simba?" niliuliza.

"Alikutana na asubuhi."

Kupanda Matamba

Ule mlima una kona nyingi mpaka unasahau umetoka upande gani. Tulipanda juu ya lori tupu lililokwenda kuchukua viazi, tumesimama wote, tumeshika vyuma. Kila kona hewa ilibadilika. Kwanza ikaisha jasho, halafu ikaisha mizaha, halafu Bwana Hamisi akavaa glavu zote mbili na kuingiza kichwa ndani ya gunia lake la chumvi.

Mimi nilisimama mbele kabisa ndani ya koti langu, upepo unapiga, ukungu unanyesha, na kwa kweli, ndugu zangu, sikusikia baridi hata kidogo. Hilo ningependa liandikwe. Koti lilizuia upepo na maji vilevile nilivyokusudia.

Tatizo lilikuwa kushuka. Lori liliposimama karibu na kwa dada, jioni jua bado halijatua, nilitaka kuinua mguu, mguu ukakataa. Mafuta yalikuwa yameganda yote, na turubai lilikuwa limekauka kama bati. Mikono haikushuka. Kiuno hakikukunjika. Bwana Hamisi na utingo walinilaza chali, wakanisukuma mpaka ukingoni, wakanipokea chini mmoja kichwani na mwingine miguuni.

Dada Eliza alikuwa anatoka shambani. Aliona wanaume wawili wanashusha kitu kirefu kilichofungwa turubai, kimekakamaa, na mdogo wake haonekani. Alitupa jembe, akashika kichwa, akapiga yowe, "Jamani! Gideoni wangu! Mmeniletea maiti!"

Majirani walitoka mbio. Wanawake wawili walikuwa wameshaanza kulia nilipofanikiwa kumsalimu kutoka ndani ya kola, "Kamwene, dada."

Alinipiga kofi. Sikulisikia, lilikuwa la kwenye koti.

Asubuhi ya chumvi

Usiku huo tulikula viazi vya kuchemsha, na kabla ya kulala tukala viazi vya kuchoma. Bwana Hamisi alitundika gobore juu ya jiko lipate joto. Asubuhi dada alipakua maharage. Bwana Hamisi alionja, akafumba macho.

"Dada Eliza, wewe umejifunza wapi mapishi ya pwani? Haya yametiwa nazi!"

"Sijatia nazi," dada alisema. "Huku nazi nitaitoa wapi?"

Sote tukatazama juu. Kutoka kwenye mtambo wa gobore tone moja lilining'inia, likafikiri, likadondoka chunguni. Bwana Hamisi aliongezewa sahani akakubali.

Halafu akafungua mlango na kupiga kelele. "Fundi! Chumvi!"

Dunia nzima ilikuwa nyeupe. Majani, matuta ya viazi, paa la banda, hata mgongo wa mbuzi. Bwana Hamisi alitoka na gunia lake akaanza kukwangua majani kwa mikono miwili, anakusanya na kusukumiza ndani, pumzi inamtoka kama treni. Gunia lilifika robo hivi.

Mzee mmoja alikuwa amesimama kando ya njia na mbwa watatu, anamtazama. Huyo ndiye Mzee Chaula, jirani ya dada, aliyekuja kutusaidia kuwinda. Mbwa wake waliitwa Kodi, Subira na Hakimu.

"Baba," Mzee Chaula aliuliza, "unafanya nini na sakitu yetu?"

"Sakitu ndiyo nini?"

"Umande. Umeganda kwa baridi. Jua likitoka unakuwa maji."

Bwana Hamisi akaonja kidole chake. Akatema. Akatazama gunia, likaanza kudondosha.

Hapo hapo Shemeji Yohana akatokea. Mtu mrefu, blanketi zuri begani, na sauti ya mwenyekiti wa kikao hata anapoomba maji. Alitutazama: mmoja na gunia la maji, mwingine na koti lililokuwa limesimama lenyewe ukutani.

"Nimesikia jeshi limefika," alisema. "Shemeji zangu, karibuni sana. Lakini neno langu ni lile lile. Shamba lisilo na mlinzi ni malisho. Jana usiku wamekula mistari miwili. Kesho alfajiri nitakuja kutazama mwenyewe. Wakila tena mbele yenu, ukoo utakaa kikao."

Dada alikuwa amesimama mlangoni na mchi mkononi, ameacha kutwanga. Alipoondoka Yohana, aliniambia polepole, "Mbegu za mwaka kesho ndizo zile zilizobaki ardhini, Gidi. Nikizikosa hizo, hata shamba wakiniachia, nitapanda nini?"

Kicheko kikaniishia. Tulikwenda kujaribu bunduki. Bwana Hamisi alilenga gogo, akavuta. Nyundo ya gobore ilianza kushuka. Ilishuka kama mzee anayekaa kwenye kigoda: ikasita, ikaendelea, ikafika juu ya fataki na kupumzika. Hakuna kilicholia. Mafuta ya nazi yaliyobaki yalikuwa yameganda meupe kama mshumaa.

"Haijawahi," Bwana Hamisi alinong'ona. "Usangu haijawahi."

Tuliisugua kwa majivu na kitambaa mpaka mchana, na alipolala aliichukua kitandani, akaifunika blanketi, yeye akabaki miguu nje.

Asubuhi ya nguruwe

Kulipoanza kupambazuka tulikuwa shambani. Mpango ulikuwa mzuri. Mzee Chaula alikuwa ametandaza wavu wa katani upande wa msituni toka jioni. Mbwa wangewaswaga nguruwe kutoka kwenye matuta. Bwana Hamisi angepiga. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na koti, ningesimama kwenye uwazi kati ya wavu na banda niwazuie wasipite. Yohana alikuja kama alivyoahidi, akasimama karibu na rundo la kuni, amejifunika blanketi.

Nguruwe walikuwepo, wakubwa wanne, wanafukua kama wamelipwa kibarua.

Wavu ndio ulioshindwa kwanza. Umande uliuloweka usiku, alfajiri ukaganda, ukawa umesimama kama ua wa mabua. Nguruwe wa kwanza aliufikia, akausukuma kwa pua, ukaanguka mzima mzima, akapita juu yake. Wa pili na wa tatu wakafuata. Mzee Chaula akapiga mluzi, "Kodi! Subira! Hakimu! Kamata!"

Mbwa wakaruka mbio. Walimtazama nguruwe aliyebaki. Wakanusa upepo. Wakageuka wote watatu, wakanijia mimi.

Sijawahi kupendwa namna ile. Kodi alianza kulamba pindo, Subira akadandia mfuko, na Hakimu, ambaye alikuwa mkubwa kuliko wote, alining'ang'ania kwenye mkono na kuanza kutafuna kondoo wangu. Nilipiga kelele, lakini kugeuka sikuweza; koti lilikuwa limeganda tena kuanzia kola mpaka pindo.

"Bwana Hamisi! Piga!"

"Kidole hakiingii!" alijibu. Glavu nilizomshonea zilikuwa nene kama mto. Alizivua kwa meno, akalenga, akavuta. Safari hii nyundo ilishuka sawasawa, fataki ikalia *pap*, na baruti, ambayo usiku kucha ilikuwa imelala ndani ya pembe inamohifadhiwa, nje ya blanketi, na kunywa unyevu, ikasema *fuuu*. Moshi ukatoka taratibu mdomoni mwa gobore, kama bibi anayevuta kiko.

Yule nguruwe wa nne ndiye aliyekuwa dume. Alisikia fataki, akainua kichwa, akaniona. Naona hakuwahi kuona mtu asiyetikisika. Alikwangua ardhi, akaja.

Sijui nilifanyaje. Nilichuchumaa ndani ya koti, nikatoka kwa chini kama kuku anavyotoka kwenye tenga, nikatambaa nikiwa na shati tu. Koti halikuanguka. Lilibaki limesimama pale pale, kofia juu, mikono imepanuliwa, mbwa wanalilamba.

Dume aliligonga koti katikati. Mbwa walitawanyika. Meno yake yalitoboa turubai yakanasa, na turubai ile, nawaambieni kama fundi, haikuchanika. Kichwa chote kikazama ndani, blanketi likamziba macho. Akaanza kukimbia ovyo akiwa amevaa koti, mkono mmoja umeinuka juu kama anayesalimia.

Alikwenda moja kwa moja kwa Shemeji Yohana.

Mtu yule mrefu, mwenye umri ule na heshima ile, alipanda rundo la kuni bila kutumia mikono, kwa sababu mikono ilikuwa imeshika blanketi. Nguruwe aligonga rundo, akapepesuka, akageuka, akaingia kwa kishindo kwenye shimo ambamo dada huhifadhi mbegu akishavuna, lililokuwa bado tupu. Tukasikia akigaragara humo na kukoroma. Sisi wanaume watatu tulisimama na vifaa vyetu. Hakuna aliyesogea.

Dada Eliza alitoka jikoni na mchi. Alitembea, hakukimbia. Alifika ukingoni mwa shimo, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akainua mchi juu kama anayetwanga mahindi.

Alipomaliza alisimama anahema, mvuke unamtoka kichwani. Halafu akamtazama Yohana kule juu.

"Shemeji," alisema, "ulikuja kutazama. Umeona?"

"Nimeona, shemeji," Yohana alijibu kutoka kwenye kuni.

Mpaka

Nguruwe wale watatu walivyofukuzwa hawakwenda mbali. Walihamia kwa jirani aliye bondeni, na jirani aliye bondeni ni Yohana. Kesho yake asubuhi alikuja bila ile sauti ya kikao. Tulikuwa tunakula nyama, isipokuwa Bwana Hamisi, aliyekuwa kwenye viazi vyake akitutazama kwa mbali na kutuombea.

"Shemeji Eliza," Yohana alisema, "wameingia kwangu. Nilikuwa nafikiri, kama ungeweza kuja kulinda, wewe na huo... na huo mchi."

Dada alitafuna kwanza, akameza.

"Nitakuja. Lakini mimi nalinda majirani, Yohana, na jirani ni mtu mwenye shamba lake. Palipo na mpaka kati yetu hapajapandwa kitu. Panda mianzi leo, Mzee Chaula na hawa wakiona."

Yohana alitazama chini, akatazama rundo la kuni. Akaenda kutafuta jembe. Ardhi ilikuwa ngumu kwa sakitu, na kila jembe lilipogonga lililia kama limegonga sufuria. Alichimba mashimo yote mwenyewe. Dada alikuwa akishika vichipukizi vya mianzi na kumpa kimoja kimoja, na alipofika cha mwisho nilimwona anageuza uso, anajifuta kwa upindo wa kanga.

Nilimwomba turudi naye Iringa apumzike kidogo. Alinishangaa. "Nani atalinda?"

Kurudi kwa njia ya Mbeya

Lori la viazi tulilopata lilikuwa linakwenda Mbeya, si upande wetu, tukapanda hivyo hivyo. Koti lilibaki huko. Mbwa wa Mzee Chaula walikuwa wameshalimaliza mikono, na sikuwa na moyo wa kuwanyang'anya.

Mwanjelwa tuliingia kwenye kibanda cha chai kungoja basi la Iringa. Kwenye benchi letu alikuwepo kijana mmoja mchuuzi wa viazi, suruali ya bugaluu, anawasimulia wenzake.

"Nguruwe amevaa koti," alikuwa akisema. "Na kofia! Anatembea kwa miguu miwili, ameinua mkono, anasalimia watu."

"Ni mchawi huyo," mmoja alisema.

"Mchawi kabisa. Wanaume wenye bunduki walikimbia wote. Walikuwa kama kumi."

Bwana Hamisi akavuta pumzi kutaka kusahihisha. Nikamkanyaga mguu.

"Ndipo akatoka mama mmoja," kijana akaendelea, "mjane, mwembamba tu, na mchi. Akampiga, kwisha. Huko juu sasa hivi hata wanaume wakipita kwake wanavua kofia."

"Anaitwa nani mama huyo?" niliuliza.

Kijana alifikiri. "Jina silijui, kaka. Lakini ukifika huko uliza shamba la yule mama tu, utaonyeshwa. Kila mtu anajua ni lake."

Nikamwambia mwenye kibanda amwongezee chai.